Aliyepelekwa kwenye Mashine

Mwanamke yeyote aliyebeba samaki hapa Kashikishi, kando ya ziwa, kwa muda mrefu ana sugu utosini. Hata ukiweka kata ya nguo nene namna gani, kapu la chisense, hawa dagaa wetu, likishakaa kichwani toka mtumbwini mpaka sokoni na toka sokoni mpaka kwenye lori, mwaka hadi mwaka, ngozi inakuwa ngumu na nywele zinakata tamaa. Hatuoni haya. Msichana mgeni akija kujisifu kuwa ni mchapakazi, tunamwambia ainamishe kichwa tuone. Na kila msimu unapoanza tunakwenda kwa Eness, mama mmoja wa Kibemba mwenye wembe, mafuta ya mawese na mkono mwepesi, atukwangue sugu zetu huku akitupa habari za waume za watu.

Dada yangu Clotilde ndiye aliyekuwa na sugu kubwa kuliko sisi sote, na aliringa nalo. Lilikaa utosini, kidogo upande wa kushoto, mfano wa nusu ya limau. Akisuka nywele aliliacha wazi makusudi, ili wanunuzi kutoka Mansa wajue wanazungumza na mtu aliyetoka chini.

Sasa mimi, Delphine, sina ulimi wa asali, na jambo lisilokaa sawa haliniachi nilale. Clotilde alikuwa hajabeba kapu kwa miaka kadhaa. Alikuwa na wabebaji wake, na mumewe Nkonde alikuwa na nyavu zake. Sugu la mtu aliyepumzika hupungua, kila mwanamke sokoni analijua hilo. La dada yangu lilikuwa linakua.

"Yaya," nilimwambia siku moja mbele ya watu, kama tunavyomwita dada mkubwa, "weye unabebaka nini siku hizi, upepo?"

"Nabebaka kichwa yangu," akajibu. "Ni mizigo ya kutosha."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini msimu ule Eness alipoweka wembe, wembe ulikwama. Akabonyeza kwa kidole gumba, akapapasa pembeni, akabonyeza tena. Eness alikuwa mtu wa kucheka hata msibani, na siku hiyo hakucheka.

"Ba Clotilde," akasema kwa adabu ya Kibemba, "hii si ngozi. Hii ni mufupa."

Clotilde akamwambia kuwa ngozi ya mwanamke wa Katanga si sawa na ya wavivu wa Nchelenge hapo jirani, ndiyo maana wembe wake umeshindwa. Akafunga kitambaa, akaondoka zake.

Ili nieleweke lazima niseme habari za mashine. Tulizaliwa Élisabethville, mji ambao leo unaitwa Lubumbashi, baba akifanya kazi ya mgodi. Tulipokuwa wadogo, mimi na Clotilde tulishikwa na mapunye wakati mmoja, pengine kwa sababu ya kuchangia chanuo. Miaka ile kulikuwa na dispansari yenye mashine ya kutibu mapunye kwa mionzi. Mtoto anakalishwa kitini, anafungwa kichwa asitikisike, mashine inanguruma. Hakuna sindano wala kisu. Baada ya muda nywele zote zinaanguka pamoja na ugonjwa, kisha zinaota nyingine. Mama zetu waliigombania nafasi ile.

Mama yetu, Brigitte, alimpeleka Clotilde. Mimi hakunipeleka.

Clotilde alirudi na kopo la maziwa na biskuti, akawa na upara unaong'aa, kisha akaota nywele laini kama za mtoto mchanga, akaenda shule. Mimi nilibaki na mapunye yangu, napakwa majivu na mawese, na masista wa shule wakanizuia mlangoni nisije nikawaambukiza wenzangu. Yalipopona yenyewe nilikuwa nimeshaachwa mbali. Ndiyo maana Clotilde anasoma Kifaransa na mimi nasoma mizani ya samaki.

Halafu Katanga ikawaka moto wa vita, baba akafa, tukavuka ziwa kutoka Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo, na kuanza upya Kashikishi. Hapa napo mambo yalikuwa yale yale. Mtaji wa kwanza alipewa Clotilde. Samaki akiiva, kichwa chenye mafuta aliwekewa Clotilde, na mimi miaka yote hiyo nimekula mkia. Nilimpenda dada yangu, siwezi kusema uongo. Lakini mama nilikuwa na kinyongo naye, na sikukificha.

Mwaka wa sabini na saba, mvua zikielekea kuisha, patapata, yaani kandambili, ya mguu wa kulia ilianza kumtoka Clotilde. Anatembea, patapata inabaki nyuma mchangani, na mwenyewe hana habari. Nilimtania kuwa amezoea lori hata miguu imesahau kazi. Alinunua viatu vya kufunga. Navyo vikaanza kulika ncha ya mbele, upande ule ule, kwa kukwaruza chini. Asubuhi aliamka na kichwa kinachogonga, akafunga kitambaa kwa nguvu akidhani kukaza kutasaidia.

Kisha ikaja siku ya soko. Clotilde alikuwa amesimama anabishana na mnunuzi, na mguu ule wa kulia ukaanza kupigapiga chini peke yake. Dada yangu aliutazama kama anautazama mguu wa mtu mwingine. Aliushika kwa mikono yote miwili, ukaendelea kupiga ndani ya mikono yake, akaanguka juu ya samaki. Watu wa Kashikishi ni wepesi. Kabla mguu haujatulia walikuwa wameshampata mchawi, na kabla jua halijatua walikuwa na wawili. Niliwatukana wote, wa Kibemba kwa Kibemba na wa Kongo kwa Kiswahili, nikamkokota dada yangu mpaka hospitali ya misheni.

Daktari alikuwa mwanamke mgeni, mrefu, anayesema Kibemba cha kitabuni. Alimgonga Clotilde magotini kwa nyundo ndogo, akamkwaruza nyayo, akamwangalia ndani ya macho kwa taa. Alitaka kumpiga picha ya kichwa. Alipofungua mlango wa chumba cha picha na Clotilde akaiona ile mashine yenye mkono, dada yangu, ambaye hajawahi kuogopa askari wa forodha wala wimbi, alitoka jasho na kurudi nyuma mpaka akagota ukutani. Akasema hapana. Akasema hapana tena na tena.

Daktari hakumlazimisha. Alimkalisha, akamfungua nywele taratibu, akatazama kichwa kizima. Nilidhani anatafuta chawa. Kumbe alikuwa anatazama jinsi nywele zilivyokuwa chache kila mahali, mpaka juu ya masikio na kisogoni, ambako kapu halikai.

"Nani alikutibu kichwa ulipokuwa mtoto?" akauliza.

Tukatazamana. Nikamweleza mimi, kwa sababu Clotilde alikuwa ameinamisha uso.

Daktari alivuta kiti, akasema polepole, akisimama mara kwa mara kutafuta maneno. Alisema hata bila picha dalili zinamwonyesha kuwa chini ya mfupa ule pana uvimbe, nao unaubana ubongo mahali panapoamrisha mguu. Alisema uvimbe wa namna hiyo hukua polepole na mara nyingi si ule unaosambaa mwilini. Lusaka wapo wanaoweza kuutoa. Ukiachwa, utachukua mguu huu, kisha wa pili, kisha macho, na kinachofuata baada ya macho hakukitaja. Halafu akaeleza kwamba miaka hii ya karibuni madaktari wa nchi nyingine wamewafuatilia watu waliotibiwa mapunye kwa mionzi walipokuwa watoto, na wanaona uvimbe kama huu kwao zaidi kuliko kwa ndugu zao ambao hawakutibiwa hivyo. Unachukua miaka mingi kujitokeza. Hawezi kuapa kuwa wa Clotilde umetoka huko, lakini ndiko anakofikiria. Walioendesha mashine hizo, alisema, waliamini wanawasaidia watoto.

"Na wewe ulitibiwa?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema. "Mimi mama hakuona kama nastahili."

"Basi shukuru," akasema daktari.

Neno hilo lilinichoma. Miaka yote nilibeba mashine ile moyoni kama zawadi niliyonyimwa, na sasa mgeni ananiambia nishukuru, mbele ya dada yangu aliyeipata. Sikujua niweke wapi uso wangu.

Njiani kurudi Clotilde alitembea akiniegemea. Alisema hatakwenda Lusaka.

"Sababu ya ile mashini?" nikamuuliza.

"Mashini naogopa, ndiyo. Lakini naweza kufunga macho." Akasimama kupumua. "Nikienda Lusaka, mama atauliza. Batu batamwambia. Atajua kama ndiye yeye alinipelekaka. Delphine, ule mama anatembeaka kichwa juu sababu aliniponyesha. Hana kitu kingine. Baba alikufa, nyumba ya Élisabethville ilipotea. Unataka nimwambie nini?"

"Umwambie unakufa, ndiyo utamwambia!"

"Mutu hakufi kwa mguu."

"Munganga wa hospitali amesema mpaka macho!"

"Nimesikia. Nilikuwa pale." Akanishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. "Uape. Mama asijue."

Sikuapa. Nilimtukana, nikamwita mjinga aliyesoma, na tulifika nyumbani hatusemeshani. Zilipita siku. Nkonde, mumewe, alimsihi, akasusa kula, akarudi ziwani kwa hasira. Clotilde alianza kutembea kwa fimbo na kumwambia mama kuwa ameteguka. Mama alimkanda mguu kila jioni kwa maji ya moto na chumvi, akiimba nyimbo za kanisani, na dada yangu alijilaza hapo akitabasamu. Nilishindwa kutazama. Jioni moja, kwenye mguu uleule, Clotilde hakusikia kwamba maji yalikuwa ya moto mno. Ngozi ilibabuka na yeye bado anatabasamu. Mama aliinua macho akanitazama mimi.

Kesho yake asubuhi nilimfuata mama kwenye vichanja vya kukaushia. Siwezi kusema nilikwenda kwa wema mtupu. Nilimhofia dada yangu, na pia sehemu fulani ya moyo wangu ilitaka mama aumie kidogo, ajue kipenzi chake kimefanywa nini na mikono yake. Nilimwambia yote: mfupa, mguu, macho, mashine, madaktari wa mbali. Nilisema haraka haraka nisije nikapoa.

Mama hakulia. Aliendelea kugeuza samaki, mmoja mmoja, upande wa tumbo juu.

"Nilijuaka," akasema.

"Ulijuaka nini?"

"Kama ile mashini haikuwa muzuri." Alifika mwisho wa kichanja, akasimama. "Siku ile ya kwanza Clotilde alitapika mpaka maji ya manjano. Akalala sawa mutu amekufa. Ngozi ya kichwa ikafanya malengelenge. Nikaenda kumuuliza ule muzungu wa mashini. Akasema, mama, usilete makelele hapa, ni kawaida. Nikanyamaza. Kisha bakasema mapunye haijaisha yote, arudi mara ya pili. Na siku ileile bakaita jina yako."

"Yangu?"

"Yako. Nikakupeleka kwa mama jirani, nikakufungia ndani. Nikasema kwa bale batu kama umeenda kijijini kwa nkambo, bibi yako."

Nilikaa chini mchangani. Ile siku niliikumbuka: chumba chenye giza, mimi nagonga mlango na kulia kwa wivu kwa sababu Clotilde amekwenda tena kupewa biskuti.

"Mama, mi nilifikiri haukunipenda."

"Najua."

"Miaka yote hii! Haukusema kitu!"

"Ningesema nini?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Ningesema, Delphine, weye nilikuficha, na yaya yako nilimpeleka? Angesikia. Nilimpa kichwa ya samaki, nilimpa mtaji, nilimpa kila kitu. Nilikuwa naomba Mungu kitu moya tu: asiulize sababu ya nini."

Hasira zangu, nilizozitunza vizuri tangu utoto, hazikupata pa kukaa. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga. Sikufanya hata moja. Mama alijifuta mikono kwa kitenge, akaniambia nisimame twende.

Clotilde alikuwa uani, mguu wenye malengelenge ameuweka juu ya kigoda. Alipoona tunakuja pamoja alielewa kuwa nimesema, na akanitupia jicho ambalo sitaki kutupiwa tena. Lakini mama hakumpa nafasi ya kuanza. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeitwa mbele ya kanisa, akamweleza yale aliyonieleza mimi, bila kupunguza: matapishi, malengelenge, muzungu wa mashine, mlango uliofungwa.

Clotilde alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake ulikuwa mtulivu, na mwanzoni nilidhani amefarijika, maana siri aliyokuwa anamlindia mama kumbe mama mwenyewe alikuwa nayo. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mara ya pili, wakati ulinishika mukono kunipeleka, ulikuwa umeisha kuona?"

Mama akafumba macho. "Nilikuwa nimeisha kuona."

"Na ukanipeleka."

"Balisema dawa ya nusu ni mubaya kuliko kukosa dawa. Nikafikiri..." Alifumbua macho, akanitazama mimi. "Nikafikiri, huyu ameisha kuingia. Mwingine bado. Nimwokoe huyu mwingine."

Kuku walikuwa wanadonoa magamba ya samaki miguuni petu. Hakuna aliyewafukuza. Mimi ndiye huyo mwingine, nilikuwa nimesimama pale na kichwa changu kizima na nywele zangu nzito, na nilitamani ardhi ipasuke.

"Bon," akasema Clotilde. "Nitaenda Lusaka."

Mama alipiga magoti, akashukuru Mungu kwa sauti, akaushika mguu mbovu wa dada yangu na kuubusu. Clotilde aliuondoa. Ilimbidi auinue kwa mikono, kwa sababu mguu wenyewe haukuwa unasikia amri, akauweka upande mwingine wa kigoda. Akaniomba nimpe fimbo.

Katika siku za maandalizi hakumsemesha mama hata kidogo. Hakumtukana, hakumlilia. Chakula cha mama alikula. Mama akiingia, alinyamaza. Mama akitoka, aliendelea na mazungumzo pale alipoishia. Nkonde alinong'ona kuwa afadhali angepiga kelele. Nilimwomba Clotilde amsamehe kabla ya safari, maana nani anajua kisu cha Lusaka kitaamua nini. Aliniambia kwa upole kabisa: "Weye una haki ya kumpenda. Alikufichaka." Sikurudia tena kumwomba.

Asubuhi ya safari tulimpeleka Nchelenge, kwenye basi la Mansa, kwani Mansa ndiko tungepata gari la kuvuka mto kwa kivuko kwenda kusini mpaka Lusaka. Mimi nilikuwa nimefunga mzigo wangu. Ilikuwa imekubaliwa nimsindikize. Tulipofika kituoni tulimkuta mama ametutangulia. Alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu, amejifunga kitambaa kipya, na pembeni yake pana kifurushi na kikapu cha chakula. Hakuna aliyemwambia aje. Alikuwa amesimama karibu kabisa na mlango wa basi, mkono ameunyosha tayari, kama mama anayengoja mtoto wake atoke darasani.

Clotilde alimfikia. Alisimama akiegemea fimbo, akamtazama mama yetu usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uani. Nilimwona mama akianza kutabasamu.

"Ulinipelekaka mara mbili, mama," akasema Clotilde. "Hii ya tatu nitajipeleka miye mwenyewe."

Mkono wa mama ulibaki hewani, hakukumbuka kuushusha. Clotilde akanipa fimbo, akashika chuma cha mlango, akaweka mguu mzuri kwenye ngazi, kisha akainama, akaushika ule mwingine kwenye suruali aliyovaa ndani ya kitenge, akauvuta juu kama mtu anayepakia mzigo. Kondakta alitaka kumsaidia, akamkatalia. Nilikuwa nyuma yake, mikono yangu iko tayari, na sikujua kama mimi naruhusiwa kumgusa.